Sahihi ya Mjomba Vitalis

Jumamosi, 9 Agosti 1997

Fomu imefika! January kaniletea mpaka hapa Lisekese kutoka posta ya Masasi. Tunasoma naye chuo kimoja, yeye yuko sheria, hana shida kama zangu.

Somo la hiari, moja tu, kwa mwaka wetu wote wa tatu. Wameorodhesha saba. Mimi naliona moja: Parasitolojia. Vimelea. Viti kumi na viwili, anayewahi ndiye anayepata. Mwisho tarehe 29 iwe imefika Dar. Asiyerudisha, ofisi inampangia kilichobaki. Zamani chuo kilipanga, wewe ukasoma. Siku hizi soko huria limeingia hadi darasani – chagua mwenyewe, changia mwenyewe. Na kwa kuwa tunachangia, chini kabisa kuna mstari: sahihi ya mzazi au mlezi.

Nikampa mama kalamu. Akairudisha kama nimempa kaa la moto. Mimi nisaini kama nani? Mwenye mtoto ni mjomba!

Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Aliyenisomesha ni Mjomba Vitalis wa Mnyambe, kule Newala, kaka yake mama. Na hata baba angekuwepo, kwetu neno la mwisho ni la mjomba. Haya. Nitapanda Newala.

Jumapili, 10 Agosti

Mama kanitangaza kanisa zima. "Justa anachagua hiari." Watu wakadhani nachagua mume!

Ametaka nichague Famakolojia, somo la dawa. Serikali imeruhusu watu binafsi kuuza dawa, na Swalehe muuza vitenge ana chumba cha mbele kipo wazi, pale pale stendi. Duka la dawa, mwanangu! Hao wadudu wako watamlisha nani?

Ningemwambia nini? Kwamba mwaka jana nilichungulia hadubini nikamwona mdudu mwembamba kuliko uzi, anajipindapinda kwenye tone la damu, na nikatoka maabara nikaenda kulia chooni? Bibi yangu alikufa na mguu kama gogo. Walisema alikanyaga dawa aliyotegewa njiani. Walimtafuta mchawi mpaka wakampata, mama mmoja mjane, akahama kijiji. Kumbe mbu. Mbu tu! Nataka kumsoma mdudu yule mpaka nimjue kama ninavyojijua. Silitaki duka.

Jumatano, 13 Agosti

Mnyambe. Ee Mungu. Naandika nimejificha nyuma ya ghala la korosho.

Nilifika nikakuta ugeni. Wameleta posa ya Evelina, binti wa mjomba. Wazee wanne wamekaa mkekani, kuku wanachinjwa, maji yamenunuliwa madumu mazima. Mjomba katoka shambani kupulizia mikorosho unga wa salfa, kaoga, kavaa kanzu yake pana. Alifurahi kuniona! Shikamoo mjomba. Marahaba mpwa wangu, njoo ukae. Akawaambia wageni huyu ndiye msomi wetu, nimemsomesha mwenyewe kwa korosho zangu. Mzee mmoja akauliza, anasoma nini huko? Mjomba akasema, waeleze, mwanangu.

Nikawaeleza. Kwa sauti. Kama niko mbele ya mwalimu. Nikasema nataka kusoma wadudu wanaoleta matende na mabusha.

Mabusha!

Mjomba analo. Kila mtu anajua, na hakuna anayelitaja. Nimekua nasikia "mjomba ana mshipa", kama mtu mwenye mafua. Mshipa! Neno lilikuwepo, dogo, safi, nimelinyonya na maziwa. Miaka miwili ya chuo imenitoa adabu yote. Kule tunalitaja busha huku tunakula chapati.

Bibi mmoja akajikohoza kwenye kanga. Nje, wapishi wakacheka – nilisikia. Mjomba akainuka taratibu, kwa namna yake ile ya kuinuka, akasema anakwenda kutazama bomba la salfa. Hakurudi. Wageni wakasema wameshiba, kuku yuko chunguni bado. Watarudi siku nyingine, wakasema.

Evelina hajanitazama tangu hapo.

Alhamisi, 14 Agosti

Asubuhi nilimpigia mjomba magoti mlangoni kwake. Hakutoka. Mkewe, Mama Evelina, akanipa ujumbe: Nangu, mimi, sina sahihi ya mtu anayenivua nguo mbele ya wakwe.

Fomu hakuigusa.

Jumamosi, 16 Agosti

Habari ilinitangulia Lisekese. Mama hanipigi, hanitukani. Anachambua mbaazi tu. Afadhali angenipiga.

January anaondoka Alhamisi alfajiri na basi la Dar. Ataibeba bahasha. Posta siiamini, mwaka juzi barua yangu ilikaa wiki sita. Siku tano.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemsihi tena mama asaini yeye. Akasema, nikisaini nitakuwa nimemzika kaka yangu yu hai.

Nikafikiri: niweke alama kwenye Famakolojia. Nimpelekee, nimwambie mjomba nimeacha wadudu, nimetubu, nitauza panadoli stendi. Pengine angesaini. Nilishika kalamu, nikaiweka juu ya kile kisanduku. Sikuweza! Nimelala kifudifudi mchana kutwa. Mama kadhani nina malaria.

Najichukia. Naichukia fomu. Nawachukia hata wale kumi na mmoja wengine, ambao mama zao wanasaini tu na kuendelea kukaanga vitumbua.

Jumanne, 19 Agosti

Nimefanya.

Barua zake ninazo zote tangu kidato cha kwanza. Sahihi ni ile ile, V kubwa, na mwishoni mkia uliojikunja kama wa kinyonga. Nilijaribu mara thelathini kwenye daftari la zamani, kurasa zile nikazichoma jikoni. Ya thelathini na moja nikaandika kwenye fomu. Wino wa bluu. Imetoka vizuri mno. Alama: Parasitolojia.

Mama nimemwambia nimeamua kuiacha, ofisi inipangie. Akasema afadhali. January atapitia bahasha kesho jioni.



Jumatano, 20 Agosti

Mjomba yuko hapa. Hapa! Uani!

Amekuja na lori la magunia matupu ya salfa, unga bado uko kwenye nyusi. Nilikuwa naanika nguo. Shikamoo mjomba. Akavuta kigoda, akakaa kwanza. Marahaba.

Akamtuma mama dukani kununua sukari. Kisha akasema, bila kunitazama: "Nangu mwaka wa kumi na nne huu. Niliambiwa nimekanyaga dawa ya Erasto, jirani yangu. Tulikuwa tunakula sahani moja. Sijampa salamu tangu siku ile. Watoto wake nimewakataza kupita kwangu. Alipofiwa na mkewe sikwenda kuzika. Wewe umesema ni mdudu?"

"Mdudu, mjomba."

"Anatumwa na nani?"

"Hatumwi na mtu. Mbu ndiye anamleta."

"Mbu."

"Mbu, mjomba."

Akatazama viganja vyake. Nilidhani analia, ila alikuwa anafuta salfa. Wakwe bado hawajarudi, akasema, hilo nitalijua mimi na mke wangu. Halafu: kuna siku mtu anatibiwa huo mshipa, akapona? Nikasema wapo wanaofanyiwa upasuaji, mjomba, wanapona. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi kamsome huyo mdudu. Nikuone unarudi na maelezo ya kunitosha, niende nayo kwa Erasto. Lete hiyo karatasi nisaini."

Kalamu anayo. Kanunua Masasi leo hii, nyeusi, wasije wakaikataa.

Nikasema ngoja niitafute ndani.

Niko ndani. Fomu iko mapajani. Hakuna nyingine, walitoa moja moja. Mkia wa kinyonga unanitazama. Nimejaribu kufuta kwa mate, karatasi inaanza kuchanika. Nikimwambia January ameshaichukua? January anakuja jioni, na mjomba amesema analala hapa, ampe bahasha kwa mkono wake mwenyewe.

Mama amerudi na sukari. Nasikia mjomba akimwambia, kwa furaha kabisa, kwamba anasaini. Mama anasema, si aliniambia ameiacha?

Sasa mjomba ananiita. Justa. Mpwa wangu. Kama haionekani nije tuitafute wote?

Nasikia anainuka, taratibu, kwa namna yake ile