Uwanja Niliupima Mimi, Kocha

Kocha Byamungu,

Niko na miaka sabini na nane. Nimezika mke wangu na ndugu zangu wote wanne. Vita za Bukavu zimepita nikiwa mzima. Daktari aliyesema moyo wangu hautafika Noeli, ametangulia yeye. Sasa nimekuzika na wewe, mdogo wangu kwa miaka ishirini. Hiyo sikuitaka.

Shule yangu yote ni darasa la tatu, unajua. Naandika polepole, lakini naandika mwenyewe. Sitaki mtu anilainishie maneno.

Ulifika Durban na mfuko mmoja. Mchana ukalinda malori Clairwood, jioni ukawafundisha wanafunzi wa chuo kukimbia, bure, mpaka chuo kikakupa kazi. Kocha. Halafu mkuu wa michezo yote, jina mlangoni. Mimi ukaniingiza nitunze uwanja. Na nani alikuchorea njia za kukimbilia? Toka Jacobs mpaka Isipingo hakuna aliyenyoosha mstari wa chokaa kama mimi. Hata Wazulu waliniita profesa.

Uliniletea mita ya chuma. "Papa Bisimwa, tumia hii." Nikacheka. "Mimi nilipima viwanja wewe bado unanyonya!" Nikaendelea na kamba yangu ya katani: mita hamsini, mara nane, duara limefunga.

Kamba ililala kwenye kile kibanda kinachovuja. Katani ikilowa inakuwa fupi. Nilijua, Kocha. Nilijua tangu ujana. Lakini nilikuwa nimeshacheka mbele ya wanafunzi.

Nomvula, mkimbiaji wako, akavunja rekodi ya chuo. Wenzake wakafuata, na jina lako likapanda. Ndipo wakaja wageni wa kukagua viwanja, na mita yao. Uwanja mfupi, mita saba nzima. Mbio zote zikafutwa. Wakasema umeiba ushindi. Ukasimama mbele ya kamati ukasema, "Uwanja niliupima mimi mwenyewe."

Mimi nilikuwa mlangoni, kofia mkononi. Sikufungua mdomo.

Ukarudi Clairwood kulinda geti lile lile. Miaka sita. Tukikutana unaniuliza, "Papa, chokaa inasemaje?" Najibu, "Inaniogopa." Tunacheka. Eish, Kocha. Ulikuwa unacheka na nini?

Presha imekuangusha pale getini, ndani ya yunifomu.

Juzi, baada ya mazishi, nilienda chuoni. Nikamwambia huyu mkuu mpya: kamba ilikuwa yangu, Byamungu alinifichia. Akanipa kiti, akanipa chai. "Baba, hiyo iko zamani sana," akasema, macho kwenye simu. Hakuandika hata neno moja.

Nikaenda kwa Mama Furaha, mke wako. Nilidhani namletea habari. Akasema, "Alijua. Alisema wewe hauko na papier, karatasi za kuishi hapa, wakikufukuza hakuna mwingine atakuchukua. Mimi nikamwambia, huyo mzee ni mwanaume, atasema mwenyewe. Tulikungoja, papa. Miaka sita tulikungoja."

Nikampa mkono. Aliuangalia tu.

Mimi sijawahi kuomba mtu msamaha, na najisifu kwa hilo mbele ya watu. Wewe sasa huwezi kunijibu, kwa hiyo kukuomba ni rahisi mno, haina kazi. Nitafanya iliyo ngumu. Jumapili wanafunzi wako wote wanakuja kanisani kukukumbuka. Nitasimama kabla ya mahubiri, niseme kila kitu nilichoandika hapa, na kile kicheko changu nitakisema pia. Wakinizomea, wazomee. Nitabaki nimesimama.

Lala, mdogo wangu. Lala mbele yangu, sitachelewa.

Atakayeona nasema uongo, amuulize Nomvula, aliyeniona nikiikamua ile kamba maji asubuhi ya kupima. Ama amuulize Mama Furaha. Hanisalimii tena, lakini hatasema uongo kwa ajili ya kuniumiza.

Bisimwa, mtunza uwanja
Isipingo