Mama, Uliponiita Madam

Mama yangu,

Tangu tukuzike, majirani wananiambia nipumzike. Mama Mutuku wa mlango wa pili, ambaye unajua hasemi neno bila kulipima, ameniambia, "Nafula, sasa uko huru. Rudi kazini." Mimi naitikia kwa kichwa tu. Nikitoka hadi kwenye mfereji narudi mbio, kama mtu aliyeacha chungu jikoni, halafu nasimama katikati ya chumba nikijiuliza nimerudia nini. Sina wa kumweleza jambo hili ila wewe, kwa sababu wewe ulilijua kabla yangu.

Unakumbuka jioni zile za kuosha vyombo? Nilikuwa bado nasoma sekondari. Wewe ulikuwa ukiuza mabeseni, vitana na miswaki pale soko la Muthurwa, na ulikuwa umeamua kwenda Arabuni kufanya kazi za nyumba. Yule ajenti wa mjini alikuonya kwamba siku ya usaili utaulizwa majina ya vitu vya nyumbani kwa Kiingereza. Uliacha shule darasa la nne. Basi tukawa tunakaa nje, sufuria katikati yetu, mimi mwalimu na wewe mwanafunzi.

"Hii?"

"Tawelo."

"Si tawelo, Mama. Towel."

"Sasa hiyo 'lo' yake mmeipeleka wapi?"

Sabuni ndiyo iliyokutesa. Nilipokuambia sabuni ni soap na supu ni soup, uliweka sufuria chini ukanitazama. "Hawa watu hawaogopi siku moja wanywe povu?" Vijana waliokuwa wakiosha gari la mtu pale kwenye kona walikusikia ukirudia: bucket, comb, toothbrush, iron, bedsheet. Wakapiga kelele, "Mathe amekuwa mzungu!" Uliwamwagia maji ya vyombo wakatawanyika wakicheka, nawe ukacheka hadi ukashika mbavu. Kicheko hicho nilikisikia mara chache sana baadaye.

Ulipita usaili, ukaenda. Miaka miwili ukapiga simu za haraka haraka, sauti ya chini, kama mtu anayeongea kanisani. Uliporudi ulikuwa umekonda, na ulikuwa na kovu juu ya kiwiko, bapa, linang'aa. Ulisema ni mafuta ya mandazi. Nilipokuuliza kulikuwaje huko, ulinipa mambo mawili tu. La kwanza, kwamba hawakuwahi kukuita Rosa. "Waliniita Mary. Yule wa kabla yangu alikuwa Mary, hawakutaka taabu ya kujifunza jina lingine." La pili, kwamba mlango wa nyumba ile haukuwa na ufunguo upande wako. Ukarudi Muthurwa kuuza mabeseni yako, na tangu hapo ukawa unalala dirisha wazi, hata Julai, baridi ikitutafuna sote. Sikukusumbua. Niliona ni jambo ambalo mtu huliweka kabatini akalisahau.

Kisha ukaanguka pale pale kibandani kwako. Wanawake wa Muthurwa ndio waliokubeba hadi hospitalini. Nilipofika kutoka kiwandani, mdomo wako ulikuwa umeenda upande, na mkono wa kulia umelala kama si wako. Daktari alisema damu ilikosa kufika sehemu ya ubongo, na maneno ni miongoni mwa vitu vilivyoumia. Tulikaa tukingoja useme kitu. Kiswahili hakikuja. Kibukusu, lugha uliyonyonya, hakikuja. Siku moja nikiwa nakupangusa uso ulifungua macho ukasema, vizuri kabisa, bila 'lo':

"Towel."

Nililia kwa furaha, Mama. Nilikimbia kumwita nesi.

Nikakurudisha hapa mtaani Jericho, nikaacha kazi yangu ya kushona kiwandani, nikajifungia nawe. Mwanzoni tulicheka. Ulikuwa ukitaja comb, soap, bucket, na Mama Mutuku akasema, "Mama Nafula, wewe umeugua ukatoka profesa." Nilifikiri yale maneno tuliyoyaimba pale mferejini ndiyo yaliyokuokoa. Nilifikiri ulikuwa unarudi kwangu kwa njia hiyo.

Nilichukua muda kutambua kwamba hukuwa unaomba kitu. Ulikuwa unatoa ripoti.

"Bucket, clean."

"Bedsheet, clean, Madam."

Nikiingia, ulikuwa unasimama, na kusimama kwenyewe kulikuwa kazi, mguu wa kulia ukiburuzika. Hukukubali kukaa kwenye kochi. Ulikaa chini, karibu na jiko, mgongo ukutani. Nikikupakulia chakula hukukigusa, lakini nikigeuka ulivuta sahani yangu ukala yaliyobaki, haraka, ukijifuta mdomo kwa kiganja. Niliongea nawe Kibukusu. Ulitazama sakafu kama mtumishi anayesikia wageni wakizungumza mambo yasiyomhusu. Nilikuonyesha picha zetu. Ulizipangusa vumbi ukazirudisha mahali pake.

Na siku ile nilipowasha pasi ninyooshe gauni lako la kanisa, ulirudi nyuma hadi kwenye kabati, ukaficha mkono ule wenye kovu nyuma ya mgongo. "Iron, no. Sorry, Madam. Sorry, sorry." Nikalitazama kovu lile bapa, ncha yake imechongoka. Hayakuwa mafuta ya mandazi. Nilizima pasi, na tangu siku hiyo tukavaa nguo zilizokunjamana, wewe na mimi.

Hivyo ndivyo ulivyonisimulia safari yako, Mama. Kwa majina ya vyombo.

Lakini kulikuwa na jambo baya zaidi ya hilo. Ulikuwa umeshatoka mara moja peke yako, ukapatikana barabarani magari yakikupigia honi. Kwa hiyo nikienda dukani nilikuwa nafunga mlango kwa nje. Ningefanya nini kingine? Kila ufunguo ulipozunguka nilikusikia ukiacha ulichokuwa ukifanya. Nikirudi nilikukuta umesimama ukutani, mikono mbele, ukingoja. Nilikuogesha, nikakulisha, nikakuchana nywele, nikakubadilisha shuka, na kila nilichokufanyia kwa upendo wewe ulikipokea kama amri. Nilikuwa nimeacha kila kitu ili niwe binti yako, na ndani ya chumba hicho kimoja nilikuwa yule mwanamke aliyekufungia Arabuni.

Nilichoka. Siku moja ulimwaga uji nikakupazia sauti, "Mama jamani!" Ulipiga magoti, ukashika pindo la gauni lako kwa mkono mzima, ukaanza kupangusa sakafu. Nilikaa chini kando yako nikalia. Uliniangalia kwa hofu, ukawaza, kisha ukanipa kitu pekee ulichokuwa nacho cha kunituliza.

"Madam... tea?"

Jumapili moja baada ya kanisa, Mama Mutuku alikuja kukaa nasi. Alikuwa akiambua mbaazi kwenye ungo. Nawe ulikuwa umefunga vitu vyako kwenye leso: kitana, mswaki, kipande cha sabuni. Ukasimama mbele yangu, wima kadiri ulivyoweza.

"Madam. Finish?"

Ulikuwa umeniuliza hivyo mara nyingi, na kila mara nilikujibu kwa Kiswahili, "Mama, uko nyumbani. Kaa." Nikajibu vile vile. Ukaendelea kusimama.

"Nafula," akasema Mama Mutuku bila kuinua macho, "mjibu huyu mama. Amekuuliza swali."

"Si nimemjibu?"

"Umemjibu mama yako. Aliyeuliza ni mwingine."

"Nimwambie nini sasa?"

"Mwenye nyumba humwambia nini mtu aliyemaliza kazi yake?"

Nilisimama. Nikakaza shingo, nikatoa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Finish, Mary. Very good work. Go home."

Mabega yako yakashuka. Sijawahi kuona mtu akitua mzigo namna ile bila kuwa amebeba kitu. Ukavuta pumzi, kisha ukanyoosha mkono.

"Passport?"

Nikaenda kwenye sanduku, nikaitoa ile paspoti yako iliyokwisha muda, nikakukabidhi. Uliibana kifuani ukacheka. Mama Mutuku akaacha mbaazi zake akajifunika uso kwa kanga.

Nilifikiri yangeishia hapo. Nilifungua mlango nikijua tutazunguka jengo mara moja, tupate hewa, turudi ukiwa mama yangu tena. Tulipofika kwenye kona ya maduka nikakugeuza, ukakataa. Nikakuvuta, ukanionyesha paspoti. Nikakuambia, "Mama, nyumbani ni huku," ukatikisa kichwa kwa huruma, kama unayemwelewesha mtoto. Nyumbani kwako hakukuwa hapa. Miaka yote hiyo ya Jericho, mimi nikiwa ndani yake, na hapa palikuwa mahali pa kazi.

Mama Mutuku alitufuata. Nilimwangalia nikitaka aniambie jinsi ya kukurudisha.

"Umeshamfungulia," akasema. "Utamfungia tena kwa jina gani? Mpeleke kwao."

Kesho yake tukapanda basi la kwenda kwenu Bungoma. Njia nzima hukulala, paspoti mkononi. Mama Mkubwa, dada yako, alitoka jikoni akipangusa mikono, akakuona, akakuita kwa jina la nyumbani, "Nelima!" Ukamwendea na ule mguu wako, karibu kukimbia, ukamwita jina lake la utotoni. Hilo ndilo neno la kwanza lisilokuwa la nyumba ile kutoka kinywani mwako tangu uanguke. Nilisimama uani nimebeba mizigo. Nilifurahi, Mungu anajua. Na kitu kingine ndani yangu kikakaa chini kikakataa kuinuka, kwa sababu nilikuwa nimelingoja neno hilo kwa muda mrefu mno, na lilipokuja halikuwa jina langu.

Huko ulikaa kwenye kiti bila kungoja kuambiwa. Ulikula kwanza. Maneno yakawa yanakurudia mojamoja, kama kuku wanaporudi bandani, na lile la Madam likapotea, sikulisikia tena. Mimi ulinifanya mgeni. Ulikuwa unamwambia Mama Mkubwa kwa Kibukusu cha kuchechemea, "Mgeni apewe chai." Nilikaa hadi nilipohisi ninamchosha mwenyeji. Nikarudi Nairobi. Wiki chache baadaye Mama Mkubwa akapiga simu asubuhi, akasema ulilala na hukuamka, na dirisha lilikuwa wazi.

Sasa chumba ni changu. Kiwandani wamesema nafasi ipo. Ninavaa, nafika mlangoni, naghairi. Nimezoea mno kusikiliza kama kuna mtu nyuma yangu. Ulitoka katika nyumba ile, Mama, lakini nadhani mimi niliingia kukutafuta na hakuna aliyebaki wa kuniambia kazi yangu imekwisha. Mama Mutuku ananigongea kila asubuhi. Jana nilitembea naye hadi sokoni nikanunua nyanya. Leo sijui.

Ila siku niliyoondoka Bungoma sijamsimulia mtu. Ulichukua fimbo yako ukanisindikiza, kama mgeni anavyosindikizwa. Mama Mkubwa alitaka kukuzuia ukamkatalia. Tulitembea polepole hadi barabarani, umenishika mkono, ukisimama kupumzika na kujifanya unanionyesha mashamba ya watu. Tukawa tunangoja pikipiki. Ukaniuliza kwa lugha yetu:

"Kwenu ni wapi?"

"Nairobi. Jericho."

Ukawaza. "Mbali."

"Ndiyo, ni mbali."

"Kuna mama huko?"

Pikipiki ilikuwa imeshaonekana, vumbi nyuma yake.

"Alikuwako," nikasema. "Amerudi kwao."

Ulinikaza mkono. Ukanitazama usoni, ukatazama kweli kweli, macho hayakwenda sakafuni.

"Afadhali," ukasema. "Na wewe pole."

Lala kwenu, Mama.

Ni mimi, mwanao,
Nafula