Nilisoma Nusu ya Karatasi ya Dawa ya Dada

Mpendwa Bi Badria,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo siwezi, mimi ni mtu ambaye mwalimu akiniuliza swali darasani natoa jibu sahihi lakini naviambia viatu vyangu, na dukani nikirudishiwa chenji pungufu nasema asante. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, tunaishi ghorofa ya tatu hapa Mchafukoge, mimi, mama na dada yangu Celina mwenye miaka ishirini na sita. Mama anauza tangawizi na vitunguu saumu kwa jumla Kariakoo, kwa magunia, kwa hiyo uelewe mapema kwamba kwetu hakuna ugonjwa ambao dawa yake haipo stoo.

Shule ya msingi nimesoma kwa Kiswahili na sekondari nasoma kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo jengo zima limeniteua kuwa daktari bila kuniuliza. Dawa tunauziwa kwa Kiswahili, lakini karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi imeandikwa Kiingereza, tena kwa herufi za ukubwa wa kiroboto, hivyo kila mwenye boksi anapanda ngazi hadi kwetu, anaketi, anapewa chai, na mimi naitwa kutoka chumbani nije nimsomee. Mzee Uwesu wa ghorofa ya kwanza huleta ile ile ya presha kila mwezi, nadhani anatumaini imebadilika. Wananiita Daktari wa Karatasi. Nimesoma karatasi nyingi na sijawahi kumdhuru mtu, mpaka mwezi huu.

Mwaka jana Celina alianza kuumwa viungo, nywele zikakatika, mashavu yakawa mekundu, uchovu ukawa hauishi, akatibiwa malaria mara nne na taifodi mara mbili kabla hospitali kubwa haijasema ana lupus, yaani kinga yake mwenyewe inamshambulia. Daktari alieleza kwa dakika sita, mama akaitikia kwa heshima dakika zote sita, na tulipofika barabarani akaniuliza, "Amesemaje?" Akapewa vidonge vya prednisolone, vidogo, vyeupe, na Bi Badria vilimsaidia kweli, akarudi kazini, akaanza tena kunisema kwa nini sijaosha vyombo. Ila vilimvimbisha uso, ukawa wa duara kabisa, na Desemba ana send-off, sherehe ya kuagwa kabla ya harusi, mchumba wake Kasmir ni mtu mzuri, kamati ina mwenyekiti na katibu na grupu la WhatsApp la watu themanini, na mpiga picha ameshalipwa.

Sasa Jumapili moja baada ya misa akaja mama mkubwa Jovitha kutoka mtaa wa Gerezani, yeye ni mkubwa wa mama na ni mkubwa wa kila kitu kingine. Akamtazama Celina, akatazama boksi mezani, akaniita, "Daktari wetu, hebu tusomee na sisi. Mtoto anaumuka kama andazi halafu mnasema anapona."

Nikasoma. Nikatafsiri vizuri, sikukosea hata neno: dawa hii hupunguza nguvu ya kinga ya mwili.

Mama mkubwa akaweka kikombe chini. "Rudia."

Nikarudia, na nakiri kwamba mara ya pili niliongeza sauti, kwa sababu haijawahi kutokea katika maisha yangu watu wazima watatu wakanyamaza ili nimalize.

"Kwa hiyo wanamshusha kinga mtoto," mama akasema taratibu, "makusudi."

Wewe ni mtu mzima, unajua hapa mjini ukisema fulani kinga imeshuka watu wanaelewa ugonjwa gani. Mama mkubwa akainuka akafunga dirisha, ghorofa ya tatu, wasisikie njiwa. Akasema jirani mmoja tu akisikia, habari itafika kwa akina Kasmir kabla ya mahari, na kwamba yeye amezika watu waliopungua kinga, hawezi kukaa akatazama mtoto anapunguzwa kwa kidonge. Celina hakubisha, alikuwa anajitazama uso kwenye simu. Vidonge vikaenda kwenye ndoo ya taka, na mama akashusha kutoka stoo nusu gunia. Toka siku hiyo dada anakunywa asubuhi na jioni jagi la vitunguu saumu, tangawizi, mlonge na ndimu, la kupandisha kinga. Jengo zima linanukia kama jiko la biriani lisilo na biriani.

Sasa dhambi yangu. Mstari uliofuata kwenye ile karatasi ulisema mgonjwa asiache dawa ghafla, ni hatari, amwone daktari kwanza. Niliuona. Niliusoma kwa macho. Lakini mama mkubwa alikuwa ameshaanza kuongea, na mimi mtu akiongea siwezi kumkatiza, nikasubiri amalize, na mama mkubwa hamalizi, nikakunja karatasi nikarudi chumbani.

Wiki mbili za mwanzo uso ukapungua kidogo, mama mkubwa akawa anapiga simu kupokea pongezi. Hii ni wiki ya tatu. Celina anatapika, akisimama anaona kizunguzungu mpaka ashike ukuta, miguu imevimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, na juzi niliingia chooni baada yake nikakuta povu kama mtu amemwaga sabuni ya unga. Nikamwambia, akasema, "Ukimwambia mama sitaongea na wewe mpaka nife." Mama anasema ni sumu inatoka, akaongeza vitunguu.

Vile vidonge nilivitoa kwenye taka, ninavyo chini ya godoro. Nimefikiria kuvisaga nimtilie dada kwenye lile jagi bila mtu kujua, harufu yake inaficha chochote. Ila sijui nianze na vingapi. Naomba unielekeze idadi, au kama kuna njia nyingine naomba iwe ambayo haihitaji mimi kuongea. Jina usiandike. Namba yangu ya simu iko hapo chini lakini tafadhali usipige.

Daktari wa Karatasi,
Mchafukoge.

Bi Badria anajibu

Marahaba, daktari. Jina lako sijaandika, na ya wengine nimeyabadilisha.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, na gazeti hili hutoka Jumamosi. Sikuona sababu ya dada yako kusubiri zamu ya ukurasa wangu, kwa hiyo nilipiga. Nilipiga mara nne. Hukupokea, maana ulikuwa umeniomba kwa adabu nisipige na wewe ni mtu wa msimamo pale msimamo usipohitajika. Nikakuandikia ujumbe: mpeleke hospitali leo hii, usimpe kidonge hata kimoja kwa kukisia. Ukajibu "sawa". Jioni ukaandika "amelazwa". Kwa mtu wa maneno machache kama wewe hiyo ni hotuba, nashukuru.

Lakini leo Alhamisi umeniletea ujumbe mwingine, na huo ndio ulionifanya nirudi kwenye kalamu; jibu hili nakutumia kwa simu sasa hivi, lisisubiri gazeti. Unasema daktari aliuliza kama mgonjwa alikuwa anakunywa dawa zake, mama akajibu "vizuri sana", mama mkubwa akaongeza "bila kukosa", Celina akafumba macho, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Mwanangu, huko mlangoni ulikuwa unamlinda nani?

Tuanze na ujuzi wako, maana najua unakuuma. Ulitafsiri sawa. Dawa ile inapunguza kinga kweli, na ndiyo kazi yake. Kosa ni kuamini kwamba kinga ni kama mauzo ya mama yako, ikipanda ni heri na ikishuka ni msiba. Kinga ni sungusungu, walinzi wa mtaa. Mdudu akiingia mwilini, wale wa zamu hukimbilia hapo hapo bila kuuliza jina, wanavimbisha, wanapasha moto. Ile homa mnayoilaani mara nyingi ni wao wameiwasha. Nyuma yao wanakuja wengine, wanachukua siku kadhaa, lakini hao wanajifunza sura ya mhalifu na kuitunza. Ndiyo maana ukishaugua surua kwa kawaida hairudi, na ndiyo maana ya chanjo, kuwaonyesha picha kabla mhalifu hajafika. Kwa dada yako sungusungu wameshika picha isiyo yake. Wanamtafuta mwenye nyumba. Wanampiga kwenye viungo, kwenye ngozi, na wakiachwa wanafika kwenye figo. Kidonge kilikuwa kimewanyang'anya marungu. Familia yako ikakitupa, kisha ikakaa kuwaandalia walinzi hao supu, asubuhi na jioni.

Wala mama yako asinielewe vibaya. Tangawizi kwenye chai nami nanywa. Ila vitunguu saumu kwa kiasi cha jagi, wagonjwa wa lupus huambiwa wakae navyo mbali, na hata visingekuwa na neno, havijawahi kushika nafasi ya dawa. Wala ugonjwa huu si ule ambao mama mkubwa alifungia dirisha. Haumwambukizi Kasmir, haumwambukizi mtu. Na hata ungekuwa ule, wenye ule wanakunywa dawa zao na wanaoa na kuolewa kila Jumamosi mjini hapa. Kinachowaua wengi wao ni madirisha kufungwa.

Sasa kuhusu kuacha ghafla. Mwili wenyewe hutengeneza kitu cha jamii ya kidonge kile, kwenye vitezi vidogo vilivyokaa juu ya figo. Mtu akinywa vidonge kwa miezi, vitezi vinaona kazi ina mtu, vinaenda likizo. Ukikata vidonge siku moja, zamu inabaki haina mtu. Ndiyo maana ya kutapika, ndiyo maana ya kushika ukuta, na ndiyo maana daktari hupunguza kidogo kidogo. Povu na miguu kuvimba ni habari ya figo, hiyo wanaipima wao. Ukitaka kuogopa kitu, acha kuniogopa mimi kwenye simu, uogope hicho.

Kuhusu mpango wako wa kusaga vidonge: nimesoma barua za wake wenza kwa miaka kumi na tisa, na mtu anayetia kitu kwenye kinywaji cha mwenzake usiku na mchana akijiambia ni kwa upendo namfahamu vizuri. Hutofautiani naye. Sikupi idadi. Vidonge vilivyo chini ya godoro vibebe uvipeleke wodini, avihesabu anayejua.

Celina alikwambia usiseme. Alisema hivyo kwa sababu ana uso wa duara na mpiga picha ameshalipwa. Siri ya mgonjwa hufichwa watu wa nje, hafichwi daktari wake. Picha zitapigwa zikiwa na mashavu, na Kasmir akishindwa kuyapenda mashavu, afadhali kamati ivunjwe mapema.

Hatari iliyobaki ni hii, na usiisome kwa macho tu. Daktari anaamini Celina alikuwa akinywa dawa na ugonjwa ukazidi juu ya dawa. Kwa imani hiyo anaweza kumtafutia kali zaidi, au kuhangaika kutafuta sababu ambayo wewe unaijua tangu Jumapili ile. Watu wazima wawili wamemdanganya. Mgonjwa amefumba macho. Amebaki mtu mmoja pale wodini mwenye ukweli, na huyo, kwa bahati mbaya ya ukoo mzima, ni wewe.

Leo daktari akipita, usikae mlangoni. Simama upande wa kichwa cha kitanda. Mama mkubwa atakuwa anaongea. Usimsubiri amalize, umeshajua mwenyewe kwamba hamalizi. Sema, "Daktari, aliacha dawa wiki tatu kabla ya kulazwa, zote kwa siku moja, na alikuwa anakunywa vitunguu saumu vingi." Basi. Hakuna anayekudai ufasaha. Ukishindwa kusema, andika kwenye karatasi umpe mkononi. Kwa kuandika nimekuona, huna tatizo kabisa.

Kisha mtoe mama nje kwenye korido, umwambie ule mstari ulioukunja. Mwambie peke yake, mama mkubwa asiwepo. Atakufokea, ana haki. Usimweleze kwamba wewe una aibu, analijua hilo tangu umezaliwa na halijamsaidia. Mwambie samahani mara moja, halafu rudi ndani uchukue kopo la mkojo la Celina ulipeleke maabara, maana foleni ya pale ni ndefu na wanafunga dirisha saa nane.