Namba ya Mume

Mjukuu wangu Ngalula,

Huku Mbuji-Mayi, ambako bado najihisi mgeni, tuko wazima. Bibi yako anakusalimu.

Umeuliza tulitunzaje siri za watu tulipowapima wanawake kaswende na Ukimwi kwenye kliniki yetu kule Likasi, wakati kampuni ya migodi ikiporomoka. Kila mwanamke alichagua namba badala ya jina. Mama mmoja wa mtaa wa Panda akataja namba ya kazi ya mumewe, maana hospitali ya kampuni ilimtibu kwa namba hiyo tangu aolewe.

"Mama, bwana yako atakuja kuuliza majibu!" nikamwambia.

"Sasa miye niko na namba gani ingine?" akacheka.

Nikamwambia badala ya namba achague jina la kitenge, maana kila chapa ya kitenge ina jina lake sokoni. Akafikiri sana, kisha akaninong'oneza jina alilochagua.

Mume alikuja kweli, akataja namba yake. Nilimjibu bila kusema uongo: kwetu namba hiyo haikuwapo.

Babu yako anayekukumbuka