Maksi za Baba Wacuka

Mwaka umekwisha, Baba Wacuka, tangu tukupeleke kukuzika Murang'a na kurudi hapa mtaani Umoja bila wewe. Mimi Wakiuru wako ndiye ninayesema, Wacuka anaandika. Ameshaniambia mara mbili kwamba tangazo la kumbukumbu haliwi refu hivi. Nimemwambia aandike tu.

Wengi walikujua kama Elijah Muturi wa hoteli. Ulianza kwa kuosha glasi, ukamaliza ukiwa mkuu wa stoo ya waini, kule chini kusikokuwa na dirisha. Shehena ikifika mjini, hakuna chupa iliyopandishwa kwa wageni kabla hujaonja moja ya aina yake: unaitazama, unainusa, unaizungusha mdomoni, unaitema. Kanisani wakiniuliza mume wangu anafanya kazi gani, nilikuwa nasema, "Ya hoteli," halafu nauliza habari za watoto wao. Akina mama wa ushirika hawangeamini kwamba mtu anaweza kushinda na waini mdomoni na bado arudi nyumbani akitembea wima kama shemasi. Nisamehe kwa hilo, ingawa hilo ni dogo.

Ulitufundisha mambo ambayo hakuna nyumba nyingine Umoja iliyoyahitaji. Kwamba kuna waini ya mezani tu, isiyo na kwao, na kuna ile inayobeba jina la mahali ilikotoka, na watu wa huko wamewekewa sheria ni zabibu gani wapande na waini yenyewe waitengeneze vipi. Kwamba kavu maana yake haina sukari, isipokuwa kwenye shampeni. Huko ukiona imeandikwa kavu, ujue ina utamu, na ile iliyo kavu kweli ina jina lake lingine. Nilisema hao Wazungu wamechanganyikiwa. Ulicheka mpaka ukaweka kikombe chini.

Na povu. Ulituambia kuna povu linalozaliwa ndani ya chupa yenyewe, polepole, likakaa humo miaka. Kuna linalozaliwa kwenye tangi kubwa halafu likagawiwa chupa. Na kuna la kupigwa gesi kama soda, ambalo huruka juu sana likifunguliwa na kuisha kabla hujavuta kiti. Mchumba wa kwanza wa Wacuka alipokuja kutusalimia, na suti yake na maneno yake mengi, ulingoja atoke nje ukasema, "Gesi." Wacuka alilia mpaka macho yakavimba. Sasa hivi anaandika haya na anacheka, usijali.

Kila kitu kwako kilikuwa na maksi, na maksi kamili zilikuwa ishirini. Kidogo za macho, nyingi za pua, zilizobaki za mdomo. Ulisema mdomo bila pua ni mjinga, unajua sukari, chumvi, ndimu na uchungu, basi. Hukumpendelea mtu. Kama hoteli ingekuletea chupa ya bei ya ng'ombe na ina harufu ya gunia, ungeipa saba na kuirudisha.

Basi ukaleta mambo hayo nyumbani. Githeri yangu ya mahindi na maharagwe, kumi na mbili. Uji wa Wacuka tisa, na yeye akaacha kupika uji. Chai yangu, Baba Wacuka, chai niliyokupikia tangu tukiishi chumba kimoja Huruma, ulinipa kumi na tatu. Nikakuuliza shida ni nini. Ukasema majani yamechemka kupita kiasi na maziwa yameingia baridi. Nikabadilisha. Kumi na tatu. Nikanunua majani mengine. Ukanusa, ukafunga macho, nikashika pumzi. Kumi na tatu. Mwanao Kinyanjui alikuwa akinipita jikoni ananiuliza, "Mathe, bado uko thatini?" yaani kumi na tatu, na mimi namfukuza na mwiko.

Halafu akaja Fowsiya, mke wa Barre mwenye duka pale kona. Wacuka alikuwa mgonjwa, naye akatuletea chai ya kwao kwenye thamosi. Hata hajavuka mlango, wewe ukiwa umekaa na gazeti, ukasema, "Iliki hiyo imetwangwa asubuhi ya leo." Yule mama akashangaa. Ukaionja ukaipa kumi na saba. Ukweli ni kwamba niliumia. Fowsiya hakujua lolote, alikuwa anacheka tu kwamba kuna mtu analipwa kwa kunusa kitu ambacho dini yake haimruhusu hata kukiweka dukani.

Nilikwenda ushirika nikaomba. Sikuomba chai. Niliomba Mungu akupe ulimi laini kwa watu wa nyumbani mwako.

Na asubuhi moja, chai ikiwa ile ile, sufuria ile ile, ulikunywa ukasema, "Kumi na sita." Nilidhani sikusikia vizuri. Kesho yake kumi na saba. Nikaanza kuamka mapema, nikaanza kuimba jikoni. Ulikuwa mwaka ule wa unga wa njano, wa mahindi ya kutoka nje, Umoja nzima inanung'unika, watoto wanasukuma sahani, na wewe ukala ugali ule ukaupa kumi na sita. Tulicheka, Baba Wacuka. Tulisema mzee amezeeka vizuri. Nami nilisimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda kwamba Bwana ameulainisha ulimi wa mume wangu, na watu wakapiga makofi.

Fowsiya aliona kabla yetu. Alikuja na thamosi yake, akasimama mlangoni akingoja useme neno lako la iliki kama kawaida. Hukuinua uso kwenye gazeti. Alinivuta kando.

"Mama Wacuka, mzee ana mafua?"

"Hana."

"Leo hakusema kitu. Mimi nimesimama pale na yeye hata hakujua nimebeba nini."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Labda chai yako siku hizi imepoa." Niliona ana wivu kwa sababu nimemfikia. Alichukua thamosi yake akaenda, na ilichukua muda kabla hajarudi kwetu. Nimekwenda mwenyewe dukani kumwomba msamaha. Alinishika mkono akasema yameisha, lakini kwangu hayajaisha.

Na kuna ile siku ya maziwa. Nilikuwa nje naanua nguo, maziwa yakashika chini ya sufuria. Niliporudi jiko zima lilinuka. Hayo tu ndiyo yaliyokuwa yamebaki, na ulikuwa unachelewa kazini, nikapika chai hiyo hiyo na kukuletea nikiona haya. Ulikunywa yote. Ukasema kumi na nane, ukachukua kofia ukatoka.

Kinyanjui alinifuata jikoni. "Mathe, hii maziwa imeungua. Buda amesema kumi na nane?"

Nikamwambia, "Nyamaza, kunywa chai."

Si kwamba sikujua, Baba Wacuka. Nilikuwa nayanusa mwenyewe. Mtoto aliniuliza jambo la maana na mimi nikamfunga mdomo, kwa sababu nilikuwa nimeingoja namba hiyo maisha yangu yote ya ndoa na sikutaka mtu aje aniharibie.

Damu ya pua ilipoanza ndipo tukaenda hospitali. Daktari akasema kuna uvimbe nyuma ya pua, na umekaa humo muda mrefu. Aliniuliza mimi, maana wewe ulikuwa umechoka kuongea: "Mama, huyu mzee aliacha lini kusikia harufu?" Nikasema sijui. Akauliza kama hatukuona mabadiliko yoyote nyumbani, kwenye chakula. Kinyanjui aliniangalia. Nikasema hatukuona.

Daktari hakutulaumu. Alisema tu kwamba wagonjwa wa namna hii wakiletwa mapema huwa kuna la kujaribu.

Anyango wa hoteli alikuja kukuona wodini, nami nikamsindikiza mpaka getini. Akaniambia kazini ulikuwa umeacha kutoa maksi. Chupa zikifunguliwa ulikuwa unawaambia wao wanuse na kusema, wewe unasikiliza tu, hutaji namba. Walidhani unawafundisha wakurithi. Nilirudi ndani nikitembea pole pole. Kumbe kwa waini ya watu usiowajua ulikataa kusema uongo hata mara moja. Uongo wote uliuleta kwangu.

Kwa hiyo nilikuuliza. Ulikuwa umelala ubavu, kikombe nilichokuletea kiko pale mezani hakijaguswa.

"Tangu lini, Baba Wacuka?"

"Kabla ya unga wa njano."

"Na chai yangu?"

"Nilikuwa nasikia joto. Na sukari."

"Sasa zile maksi zilikuwa za nini?"

Ulivuta blanketi. Nilidhani umelala.

"Siku ya kwanza nilitaja tu, ili usijue," ulisema. "Halafu ukaanza kuimba, Mama Wacuka. Miaka yote hiyo sikuwahi kukusikia ukiimba asubuhi. Nikasema nikienda kwa daktari utaacha."

Ni kweli, nilikuwa naimba. Mume wangu alikuwa anakufa mezani kwangu, kikombe kwa kikombe, na mimi nilikuwa naimba.

Tunakukumbuka: mimi mkeo Jecinta Wakiuru, watoto wako Wacuka na Kinyanjui, ndugu yako Wanyoike na jamaa wote wa Murang'a, majirani zako Barre na Fowsiya, Anyango na wenzako wa stoo ya waini. Watoto wanasema unastahili kupumzika, nami nasema hivyo hivyo. Lakini kama huko unasikia, usinihurumie tena. Hatutakusahau kamwe, Baba Wacuka, na mimi sitajisahau, mimi niliyenusa nikanyamaza.