Kuku wa Mgeni Amepona

Shangazi, shikamoo. Mvua za Bukoba zinakuacha uanike kahawa?

Hapa Mwanza nachora vigae kwenye karakana iliyo ukingoni mwa ziwa, na napendwa. Juzi mkuu wetu, Mama Masanja, alileta kuku wa kunikaribisha. Kuku akakata kamba, akakimbia juu ya vigae vyangu vibichi, vyenye sangara niliowachora kwa jasho. Mama Masanja alicheka hadi akakaa chini, kisha akavichoma hivyo hivyo.

Leo amekuja Sista kutoka Magu kutafuta vigae vya kanisa. Sangara wangu wazima hakuwatazama hata kidogo. Akashika kigae chenye nyayo za kuku: "Jamani, nani kachora maua mazuri hivi?"

Mama Masanja akaninyooshea kidole. Nami nikainamisha kichwa, kama mtu mnyenyekevu.

Sista ameagiza sakafu nzima ya maua hayo! Kwa hiyo kuku hachinjwi tena; anakula mahindi, mgeni nakula dagaa.

Niwekee senene wa kukaanga, Shangazi, na uniombee sana. Jumamosi Sista anarudi kunitazama nikichora.

Mpwa wako akupendaye,
Mugisha