Neno Nililolichezea

Jumatano, 13 Novemba 2024

Nimerudi nyumbani Kihonda, Morogoro, kwa treni ya jioni kutoka Dar. Nimeoga. Nimejaribu kula, wali haushuki. Basi niandike, labda utashuka baadaye.

Leo tulibakiza hatua arobaini na mbili.

Si mimi niliyezihesabu. Ni Hatibu, mlinzi wa kiwanja kipya cha ndege kule njia ya Kisaki, tunakopeleka watalii. Alitembea kutoka tairi la mbele la ndege hadi lami inapoishia, akarudi, akaninong'oneza: dada, ni arobaini na mbili, na miguu yangu mimi mifupi. Baada ya hapo ni korongo.

Lami ile ina mita elfu moja na mia saba tu. Jeti yetu ya abiria mia inaweza kutua pale — vitabu vinasema inaweza — ila lazima magurudumu yaguse kwenye zile alama nyeupe za mwanzo. Ukizipita hewani, hutui. Unasema go around. Yaani acha, ongeza moto, paa tena, kajipange upya. Na rubani yeyote akilisema neno hilo, hata yule mdogo kama mimi, mwenzake habishi. Anapaa.

Nililisema! Upepo kutoka Uluguru ulikuwa unatusukuma kwa nyuma, ndege inaelea tu, haitaki kushuka. Alama zikapita chini ya pua. Nikasema go around.

Kapteni Mikidadi akacheka. Akasema, umeanza, mtumwa wangu. Akatua.

Kisha hakucheka tena. Alikanyaga breki mpaka nikaona mshipa wa shingo. Korongo likaja, likaja, likasimama. Harufu ya breki ikaingia mpaka ndani.

Huko nyuma watalii wakapiga makofi.

Alhamisi, 14 Novemba

Sikulala vizuri. Leo nimepumzika, na kupumzika ndiko kubaya. Nafikiri tu.

Kosa ni langu pia. Hili sijamwambia mtu.

Yeye Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mluguru wa Mgeta. Watani. Siku ya kwanza tuliyopangwa pamoja alinyakua chapati yangu, akasema mali ya mtumwa ni ya bwana. Nikamwambia apunguze kula, mpagazi akishiba habebi. Tangu siku hiyo miezi minane hatujasalimiana kama watu. Ni mtumwa, mpagazi, basi. Na nilipenda! Makapteni wengine wanakufanya ujione umekosea hata kwa kukohoa.

Lakini mimi nikazidisha. Dodoma, Mwanza, kwenye lami ndefu zisizo na shida, kila akikaribia kutua nilikuwa namtania: go around, mpagazi, mzigo umekushinda! Anacheka. Nacheka. Mara ngapi? Ishirini? Thelathini?

Ujinga wa aina gani huu! Neno moja tumepewa la kuokoa roho za watu, mimi nikalifanya la kuchekea. Siku nilipolihitaji likatoka mdomoni limeshazoeleka, halina uzito wowote.

Jana tulipokuwa tunangoja breki zipoe aliniambia, nilijua unanitania. Akaenda akasimama nyuma ya matairi peke yake, muda mrefu. Aliporudi akasema hakuna haja ya kuandika chochote, yameisha. Nikasema ndiyo.

Kwa nini nilisema ndiyo?

Ijumaa, 15 Novemba

Ratiba imetoka. Jumamosi ya tarehe 23, kiwanja kilekile. Mikidadi na mimi.

Nimeisoma mara mbili, kisha nimezima simu.

Jumapili, 17 Novemba

Mungu wangu. Mama!

Nilisahau kabisa. Kampuni inatupa nafasi moja kwa mwaka ya kumpandisha mzazi, na mwezi wa tisa niliandika jina lake kwa tarehe 23, popote nitakapopangiwa. Leo ameshuka kutoka Mgeta na begi, njegere, na viatu vipya ndani ya boksi. Amekwishaitangazia jumuiya nzima. Wamemwagiza akiwa juu aangalie paa la kanisa kama linaonekana.

Nikamwambia, Mama, tungoje kiangazi. Akaniuliza kuna nini. Nikasema mvua. Akacheka: mtu wa Mgeta ataogopa mvua? Akauliza, anaendesha nani? Nikamtajia.

"Mtani wetu! Basi nimeshafika."

 Mwaka huu mwezi wa sita tulipomzika Baba, Mikidadi alipanda mpaka kwetu na suruali nyeupe. Akalala chini njiani mbele ya jeneza, akasema Mluguru huyu hapiti mpaka yeye mtani apewe jogoo. Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Mama alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nne, akaagiza jogoo akamatwe. Kwake yule si rubani. Ni mtu aliyemwinua.

Sasa nimwambie nini? Kwamba kicheko kilekile ndicho ninachokiogopa?

Jumanne, 19 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Mlima hauonekani kabisa.

Nimepiga hesabu. Jumatano lami ilikuwa kavu. Ikiwa imelowa, tukigusa kwenye alama, tunasimama na mita chache za akiba. Tukigusa pale tulipogusa siku ile, lami inatuishia tukiwa bado na mwendo. Nimerudia hesabu mara tatu. Mara zote tatu tupo korongoni.

Geeta alipita jioni. Yeye ndiye mkuu wa wahudumu wa ndani ya ndege, na baba yake ana duka la vitambaa hapa mjini. Akaniuliza bila kuzunguka: siku ile mlikuwa mnakwenda kutua wapi, Ifakara? Kumbe aliona alama zinapita dirishani! Nikamweleza yote. Akasema, mwambie mzee wa watu. Nikasema nimwambieje, Geeta, kila ninachomwambia anacheka, na mimi ndiye niliyemfundisha kucheka. Akachukua mwavuli wake mlangoni. Kisha akasema, basi mfundishe kuacha.

Rahisi kusema.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimempigia.

Akapokea: siku hizi watumwa nao wana simu? Nikacheka. Nilicheka! Mdomo ulifanya wenyewe. Nikajikaza nikasema, kuhusu Jumatano ile, mimi niliogopa sana. Akasema ninyi Waluguru mnaogopa tambarare, mmezoea kuning'inia mlimani kama nyani. Nikacheka tena. Nikasema haya, Jumamosi. Nikakata.

Nimelia jikoni. Mama alidhani ni vitunguu.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimefikiria kusema naumwa. Halafu? Atapangiwa mwingine wa kukaa kiti changu, Mama atakuwa siti ya 4A vilevile, nami nitakuwa hapa natazama simu. Hapana.

Nimejaza ripoti ya siku ile, nimeituma ofisi ya usalama. Moyo uliniuma, mzee amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Wakanijibu haraka: imepokelewa, itajadiliwa Jumatatu. Jumatatu! Sisi tunaruka kesho.

Nimempa Mama hadithi ya mwisho, kwamba labda safari itafutwa. Amevaa viatu vipya, anatembea navyo sebuleni ili vilegee. Ameniambia nisimtie mkosi.

Nimesimama mbele ya kioo nikasema go around. Kwa ukali. Kwa upole. Polepole. Mara kumi. Yote yanasikika kama utani.

Jumamosi, 23 Novemba

Dar. Saa nne na nusu asubuhi. Naandika nikiwa kwenye kiti changu ndani ya ndege, daftari juu ya goti. Tumecheleweshwa. Hatibu amepiga simu kutoka kule: mvua imekatika, ila lami inang'aa, na upande wa korongo maji yamesimama. Upepo? Akasema, uleule, dada. Mafuta tumechukua machache ili tuwe wepesi. Yanatosha kujaribu mara mbili, kisha kurudi huku.

Mama yuko 4A. Geeta amemfunga mkanda. Ameuliza kama dirisha linafunguliwa.

Mikidadi aliingia muda si mrefu. Akanyoosha mikono: mtumwa wangu, leo umeniletea na mama mwenye nyumba!

Nikasimama. Nikavua kofia, nikainamisha kichwa kama ninavyofanya kwa wajomba zangu.

"Shikamoo, Kapteni."

Akashusha mikono. Miezi minane sijamwamkia hata siku moja. Tabasamu lilibaki usoni lakini macho yalishaliacha. Akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Nani kafa?"

"Bado."

Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka tu. Baada ya hapo maneno hayakukatika tena. Nikamwambia, Jumatano ile sikuwa nakutania. Zilibaki hatua arobaini na mbili, Hatibu alizihesabu kwa miguu yake. Kosa ni langu, nililichezea lile neno mpaka likachakaa. Leo nikilisema, si mtani wako anayesema. Na ripoti nimeshaipeleka, Kapteni, usije ukaisikia kwa wengine. Nikashika mgongo wa kiti. Lakini sikucheka. Namshukuru Mungu, sikucheka.

Hakusema marahaba. 

Kuzunguka ndege kuikagua kabla ya safari ni kazi ya rubani mdogo. Mvua au jua, huwa nashuka mimi, yeye anabaki anakula chapati yangu. Leo alichukua tochi kwenye begi langu, akavaa koti langu la mvua ambalo halimtoshi, akashuka mwenyewe.

Nilimwona akipita mbele ya pua. Hakuinua macho. Geeta amekuja kuniambia amechuchumaa kwenye matairi ya nyuma, anayapapasa kwa kiganja, na hii ni mara ya pili. Nimemuuliza uso wake ukoje. Akasema haonekani, amevaa kofia ya koti.

Sijui kama amenisikia au amekasirika. Kama amekasirika je? Mtu mwenye hasira hutua kwa nguvu ili akuonyeshe. Au nimevunja kitu ambacho hakitengenezeki, na kule juu tutakuwa wawili tusiojuana?  

Namsikia kwenye ngazi. Anapanda polepole. Ameingia. Geeta anamwambia abiria wote wamekaa.

Na Mama naye amemwona! Anapaza sauti kutoka siti yake, ndege nzima inasikia: mpagazi wee, mzigo wako huu hapa, uubebe vizuri!

Watu wanacheka. Nasubiri kicheko chake. Nakijua, kinaanzia kifuani.

Bado sijakisikia.